Bill Talbert: Kisukari hakikumzuia kubeba ubingwa wa tenisi

Bill Talbert, mzaliwa wa Cincinnati, Marekani, aligundulika na kisukari akiwa na miaka 10 tu. Akazuiwa michezo ya nguvu. Alipofika ujana akaruhusiwa kujaribu tenisi, na hapo ndipo mambo yakabadilika.

Huku akijidunga insulini, yeye na Gardnar Mulloy walibeba ubingwa wa Marekani wa wachezaji wawili wawili mara 4: 1942, 1945, 1946 na 1948. Mwaka 1950 akabeba wa Ufaransa na kijana Tony Trabert.

Tenisi ya ridhaa haikuwa na mshahara, hivyo akaingia kwenye biashara. Akawa mmoja wa mabosi wa kampuni ya kuchapa hati za thamani, na baadaye akasimamia mashindano ya US Open kwa miaka mingi.

Alifariki 1999 akiwa na miaka 80. Kisukari alikuwa ameishi nacho miaka 70.