Charles Drew: Alikosa alama za Kiingereza, akafunza kizazi cha madaktari

HAYATI Dkt Charles Richard Drew anakumbukwa kwa mchango wake mkubwa katika uhifadhi wa damu ya kuongezewa wagonjwa. Lisilofahamika na wengi ni kwamba daktari huyo Mmarekani mweusi nusura akose nafasi ya kusomea udaktari, kwa kuwa rekodi yake ya masomo ilikuwa na mapengo.

Drew alizaliwa Juni 3, 1904 jijini Washington, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Babake, Richard, alikuwa fundi wa kutandika mazulia ilhali mamake, Nora, alikuwa amesomea ualimu.

Alijiunga na Shule ya Upili ya Dunbar, iliyosifika miongoni mwa shule za wanafunzi weusi enzi hizo za ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, jina lake lilivuma zaidi viwanjani kuliko darasani. Alikuwa mahiri katika uogeleaji, mpira wa Kimarekani na mbio za kuruka viunzi.

Ni vipawa hivyo vya michezo vilivyompatia ufadhili wa kusomea katika Chuo cha Amherst, jimboni Massachusetts, mnamo 1922. Huko nako alizoa tuzo za riadha, lakini alama zake za masomo hazikuwa za kupigiwa mfano.

Matukio mawili yalimwelekeza kwenye udaktari. Mwaka wa 1920 dadake, Elsie, alifariki baada ya kuugua kifua kikuu na homa ya mafua iliyokuwa imeenea duniani. Baadaye, akiwa Amherst, Drew aliumia mchezoni na kulazwa hospitalini, ambako alipata fursa ya kuwatazama madaktari kazini.

Tatizo ni kwamba azma hiyo ilikomaa wakati ambapo miaka mingi ya masomo ilikuwa imekwisha kupita. Fauka ya hayo, alipohitimu mnamo 1926 hakuwa na fedha za karo ya chuo cha udaktari.

Hakukata tamaa. Kwa miaka miwili alifanya kazi katika Chuo cha Morgan, mjini Baltimore, akiwa mkurugenzi wa michezo na mwalimu wa baiolojia na kemia. Kila alichoweza kukiweka akiba alikiweka.

Kisha akatuma maombi. Vyuo vya udaktari vya Marekani vilivyokuwa radhi kuwapokea weusi vilihesabika, na Chuo Kikuu cha Howard, kilichoko Washington alikozaliwa, ndicho kilichokuwa tumaini la wengi. Howard ilimkataa. Sababu iliyotolewa ni kuwa hakuwa amesoma Kiingereza kwa kiwango kilichohitajika.

Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa tayari kumpokea, lakini kwa sharti kwamba asubiri hadi mwaka uliofuata. Drew, aliyekuwa tayari amepoteza miaka miwili akitafuta karo, hakutaka kusubiri tena. Akavuka mpaka na kuingia Kanada, akasajiliwa katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, mnamo 1928.

Hapo ndipo mwanafunzi wa wastani alipogeuka. Ingawa aliendelea kushiriki riadha na kuhangaikia karo, Drew alizama vitabuni. Mnamo 1933 alihitimu akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 137, na kutunukiwa tuzo kadhaa za kitaaluma.

McGill pia ilimkutanisha na mhadhiri John Beattie, aliyemwonyesha ugumu wa kuwaongezea damu wagonjwa walio hatarini. Wakati huo, mgonjwa angeweza kufariki huku madaktari wakihangaika kumtafuta mtu mwenye damu inayolingana na yake.

Mnamo 1935 Drew alirejea Washington na kuajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kile kile cha Howard kilichomfungia mlango miaka saba awali. Mwaka wa 1938 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako alifanya utafiti kuhusu uhifadhi wa damu pamoja na Dkt John Scudder.

Inafaa kueleza hapa kwamba Drew hakubuni benki ya damu, jinsi inavyodaiwa mara kwa mara. Hospitali ya Cook County, Chicago, ilikuwa na benki ya aina hiyo tangu 1937. Alichofanya yeye ni kuchunguza kwa kina jinsi damu inavyoharibika na namna ya kuihifadhi kwa usalama na kwa wingi. Utafiti huo ulimpa shahada ya udaktari wa sayansi mnamo 1940, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika chuo hicho.

Mwaka huo huo, miji ya Uingereza ilikuwa ikishambuliwa kwa mabomu ya Wajerumani. Drew aliteuliwa kusimamia mpango wa kukusanya plazima, yaani majimaji ya damu yanayosalia chembechembe zinapoondolewa, na kuisafirisha hadi Uingereza. Plazima hudumu kuliko damu nzima. Watu zaidi ya 14,000 walitoa damu jijini New York kabla ya mpango huo kukamilika Januari 1941.

Baadaye alisaidia Shirika la Msalaba Mwekundu kuanzisha mpango kama huo kwa minajili ya wanajeshi wa Marekani. Kwa masikitiko, damu ya weusi ilikataliwa mwanzoni, kisha kuanzia 1942 ikakubaliwa kwa sharti kuwa itengwe na ya wazungu. Drew aliukashifu utaratibu huo hadharani, akisisitiza kuwa haukuwa na msingi wowote wa kisayansi. Ulifutwa na shirika hilo mnamo 1950.

Mnamo 1941 alirudi Howard akiwa mkuu wa idara ya upasuaji, na kazi hiyo ndiyo aliyoithamini zaidi. Pengine kwa kuwa aliwahi kukwamishwa na rekodi yake mwenyewe, hakuwadanganya wanafunzi wake kwamba alama si kitu. Aliwahimiza wafaulu kiasi cha kutompa yeyote kisingizio cha kuwakataa. Kundi lake la kwanza lilipofanya mtihani wa kitaifa wa madaktari wa upasuaji, mnamo 1948, lilifaulu vyema.

Yeye binafsi alinyimwa uanachama wa Chama cha Madaktari cha Marekani kwa sababu ya rangi yake, licha ya sifa zake zote.

Aprili 1, 1950, Drew alikuwa akiendesha gari pamoja na wenzake kuelekea kongamano la kimatibabu huko Tuskegee, Alabama, aliposinzia na gari likapinduka jimboni North Carolina. Alifariki akiwa na umri wa miaka 45. Uvumi ulienea kwamba alinyimwa matibabu kwa kuwa mweusi. Ukweli ni kuwa madaktari wazungu katika hospitali alikopelekwa walijitahidi kumwokoa, ila majeraha yake yalikuwa mabaya mno. Wenzake waliokuwa naye walithibitisha hivyo.

Alimwacha mjane, Lenore, na watoto wanne. Mnamo 1966, chuo cha udaktari kilichopewa jina lake kilianzishwa Los Angeles.

Vyuo haviwezi kuacha kutazama alama, na Drew hakuwahi kudai viache. Maisha yake yanaonyesha tu kwamba karatasi iliyotua mezani pa Howard mnamo 1928 ilieleza kwa usahihi alichokuwa amekisoma kijana huyo hadi siku ile. Bidii aliyokwisha kuianza kule Baltimore haikuwa na safu yake kwenye karatasi hiyo.