Georges Lemaître, mtumishi aliyetambua kwamba ulimwengu unapanuka

Hapa Panda, katika mji wetu wa Likasi, vijana wanafundishwa shuleni kwamba ulimwengu unapanuka. Wengine wanaogopa kuuliza jambo hilo kanisani, kana kwamba swali lenyewe ni dhambi. Ni vema tujue kwamba aliyelieleza mapema alikuwa mtu wa maombi.

Georges Lemaître alizaliwa mwaka wa 1894 huko Charleroi, Ubelgiji, mji wa makaa ya mawe, uliozoea migodi na viwanda kama mji wetu. Alianza masomo ya uinjinia, lakini vita vya 1914 vikamwita jeshini, akatumika kwenye mizinga. Vita vilipokwisha alisoma hesabu na fizikia, na mwaka wa 1923 akawekwa kuwa padri wa Kanisa Katoliki. Sisi ni Waprotestanti, lakini tunaweza kujifunza kwake.

Mwaka wa 1927 alitoa andiko kwa Kifaransa, ambalo wachache walilisoma. Alionyesha kwamba galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zinatengana, na iliyo mbali zaidi inakwenda mbali kwa mwendo mkubwa zaidi. Mwaka huohuo alikutana na Einstein huko Brussels. Mtaalamu huyo aliikubali hesabu yake, lakini maana yake aliikataa. Lemaître hakugombana wala hakukata tamaa. Mwaka wa 1929 Edwin Hubble, huko Marekani, alitangaza vipimo vilivyoonyesha jambo lilelile, na baadaye Einstein akakubali.

Kupanuka huko maana yake nini? Chukua ule mpira wa tyubu nzee tunaofungia magunia ya makaa kwenye baiskeli. Tia alama tatu za chaki, kila moja sentimita 10 kutoka kwa mwenzake. Uvute mpaka urefu uwe mara mbili. Alama ya pili imeachana na ya kwanza kwa sentimita 20, na ya tatu kwa sentimita 40. Hakuna alama iliyotembea. Mpira ndio ulionyooka. Tena, ukisimama kwenye alama yoyote utaona nyingine zikikuacha. Ndivyo ulivyo ulimwengu: nafasi yenyewe inanyooka, wala hakuna galaksi iliyo katikati. Lakini vitu vilivyoshikana havinyooki. Njia ya Likasi hadi Lubumbashi haiongezeki.

Mwaka wa 1931 Lemaître alirudisha hesabu nyuma: kama leo vitu vinaachana, zamani vilikuwa pamoja. Akafundisha kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja iliyopasuka.

Hapo ndipo tunapomheshimu zaidi. Mwaka wa 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia kana kwamba sayansi imethibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi, akajitahidi jambo hilo lisirudiwe. Kwake, nadharia ya sayansi hupimwa kwa vipimo na yaweza kubadilishwa kesho. Mungu tunayemwabudu hasimami wala kuanguka pamoja nayo. Mtu akiijenga imani yake juu ya hesabu, hesabu ikirekebishwa atabaki na nini?

Alifariki mwezi wa Juni 1966. Siku chache kabla, akiwa mgonjwa, aliletewa habari kwamba mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu umegunduliwa. Mwaka wa 2018 wanaastronomia wa dunia walipiga kura jina lake liwekwe pamoja na la Hubble kwenye kanuni ya kupanuka.

Wazazi na wachungaji, kijana akileta swali hili tusimfukuze. Tumwambie kwamba ukubwa wa mbingu haumpunguzi Muumba. Waebrania 11 inatufundisha kwamba tunajua kwa imani ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu. Namna unavyonyooka, tuwaache watoto wetu waipime bila hofu.