ALBERT CHAMPION: MWENDESHA BAISIKELI ALIYEZITAWALA CHECHE

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya washairi, wanasiasa na mashujaa wa vita. Mimi leo nimeonelea heri niwaletee mtu wa aina nyingine, mtu wa grisi na petroli. Jina lake ni Albert Champion. Huenda hujawahi kulisikia, lakini kila siku unapita karibu na kazi aliyoishughulikia. Bodaboda, mashine ya kukatia nyasi na lile gari la mwalimu hapo nje, kama linatumia petroli, vyote haviwezi kuwaka bila plagi.

Albert alizaliwa jijini Paris, nchini Ufaransa, tarehe 5 Aprili 1878. Babake alifariki Albert angali mtoto, na mama akabaki akiwafulia watu nguo ili watoto wale. Albert, aliyekuwa kifungua mimba, hakukaa sana shuleni. Alikwenda kutafuta kibarua kwa watengenezaji wa baisikeli, na huko ndiko nyota yake ilikong'aa. Kijana huyu alikuwa mfupi, lakini akipanda baisikeli ungedhani ana mbawa. Mwaka wa 1899, akiwa na umri wa miaka 21 hivi, alishinda mashindano makali ya Paris-Roubaix, safari ya zaidi ya kilomita 250 juu ya barabara za mawe.

Siku hizo mwendesha baisikeli aliruhusiwa kutanguliwa na mashine za petroli zimkingie upepo. Kwa hivyo Albert alizoea kukimbia nyuma ya injini, sauti yake masikioni na moshi wake puani. Injini ikikohoa, naye mwendo wake unaharibika. Tabia hii ya kuisikiliza injini ndiyo iliyokuja kumlisha baadaye.

Mwaka wa 1900 alifunga virago akavuka bahari hadi Marekani kushindana. Mwaka wa 1903 akaacha pedali akashika usukani wa gari la mashindano. Lo! Huko Brighton Beach, New York, gari lilimshinda na akavunjika mfupa wa paja vibaya sana. Alipopona, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Wengi wetu hapo tungekata tamaa. Yeye alirudi Ufaransa, na mwaka wa 1904, kwa mguu huo huo, akashinda ubingwa wa nchi yake wa baisikeli zinazotanguliwa na pikipiki. Hata hivyo alijua kwamba mwili hautamlisha milele. Mwaka wa 1905 alikuwa tena Marekani, jijini Boston, akifungua kampuni ya kuuza vifaa vya umeme vya injini kutoka Ufaransa. Baadaye akaanza kutengeneza plagi mwenyewe.

Sasa jamani, plagi ni nini hata mtu ajengee maisha juu yake? Hebu tusimame hapa kidogo. Plagi ni kijiti cha chuma kilichozungukwa na kauri, na mwisho wake kuna ncha mbili zinazotazamana bila kugusana. Umeme ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine, cheche inatoka na kuwasha petroli na hewa ndani ya silinda. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi lazima itoe cheche 50 kwa sekunde. Si mchezo! Cheche chache zikikosekana, mshindani wako ameshakupita.

Mafundi wa magari ya mashindano huangalia mambo mawili makubwa. La kwanza ni joto. Kuna plagi za moto na plagi baridi. Usidhani plagi baridi inatoa cheche baridi, la hasha. Tofauti ni ile pua ya kauri iliyo ndani. Pua ikiwa ndefu, joto linachelewa kutoka, na hiyo ndiyo plagi ya moto. Ikiwa fupi, joto linakimbilia haraka kwenye chuma cha injini, na hiyo ndiyo baridi. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi 450 na 850 hivi. Chini ya hapo, masizi yanajaa na cheche inapotea. Juu ya hapo, plagi inageuka kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka ukiangalia hivi hivi. Kwa kuwa injini ya mashindano hutoa joto jingi, fundi huchagua plagi baridi zaidi kuliko za gari la kwenda sokoni. Akiiweka hiyo hiyo kwenye gari la kwenda sokoni, itajaa masizi.

Hapa pana mtego. Kwa plagi za NGK, nambari kubwa ni baridi zaidi. Kwa Champion na AC, nambari kubwa ni moto zaidi. Usipojua hilo unaweza kununua balaa kwa pesa zako mwenyewe.

Jambo la pili ni nafasi kati ya zile ncha mbili. Injini nyingi za kawaida za zamani zilitumia milimita 0.7 au 0.8. Nafasi pana huleta cheche kubwa, na hiyo ni nzuri. Lakini injini ya mashindano hubana hewa sana, hasa ikiwa na turbo, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo umeme unavyopata taabu kuruka. Koili ikishindwa, cheche inazimika kama mshumaa kwenye upepo. Kwa hivyo fundi hupunguza nafasi, pengine hadi milimita 0.5 au 0.6, akitumia vile vipande vyembamba vya chuma vinavyoitwa fila. Hukunja ncha ya pembeni taratibu, wala haigusi ile ya katikati, maana kauri ikipasuka plagi imekufa. Gari likishakimbizwa sana huzimwa ghafla na plagi kufunguliwa. Rangi ya kahawia hafifu ni habari njema. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi au plagi baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge ni hatari, simamisha gari!

Turudi kwa Albert. Mwaka wa 1908 William Durant, mkuu wa kampuni ya magari ya Buick, alimvuta hadi mji wa Flint, Michigan, ili awatengenezee plagi. Mwaka huo huo Durant aliunda General Motors. Lakini ndugu wawili wa ukoo wa Stranahan, waliokuwa na Albert kule Boston, walibaki na kampuni ya kwanza pamoja na jina la Champion, wakaendelea nalo. Hebu fikiria, jina ulilopewa na babako linauzwa na watu wengine! Mwishowe, mwaka wa 1922, kampuni yake Albert ilichukua jina la AC, yaani herufi za kwanza za majina yake mawili. Hivi ndivyo mtu mmoja alivyoacha majina mawili madukani, nayo yote yangali yanauzwa mpaka leo, maana AC imo ndani ya jina ACDelco.

Mwezi wa Mei 1927, Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa muda wa saa 33 na nusu. Injini yake ilikuwa na silinda tisa, kila moja ikiwa na plagi mbili, nazo zilikuwa za AC. Chini yake palikuwa na bahari tupu. Plagi hizo hazikumwangusha, akatua katika jiji lile lile alikozaliwa Albert. Miezi mitano baadaye, Oktoba 1927, Albert naye alifariki Paris akiwa na umri wa miaka 49.

Wenzangu, wako kati yetu wanaomcheka mwanafunzi anayesema anataka kuwa makanika, ati hiyo ni kazi ya walioanguka mtihani. Nawauliza, ni nani alimbeba Lindbergh juu ya bahari? Mtoto wa mfua nguo, kilema wa mguu, aliyejua kwamba tofauti ya unene wa ukucha inaweza kuamua nani anafika na nani hafiki. Usidharau kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na cheche ndogo husukuma gari zima.