Ernst Mach: Aliyetuonyesha Mawimbi ya Risasi

Rubani asemapo kwamba amefika Mach moja, maana yake ni kuwa ndege yake yaenda sawasawa na sauti. Akifika Mach mbili, aishinda sauti mara mbili. Wengi hudhani hilo ni neno la mitambo tu, kumbe ni jina la mtu, nalo hutamkwa kwa khe, kama khe ya kheri.

Ernst Mach alizaliwa tarehe 18 Februari 1838 karibu na mji wa Brno, katika dola ya Austria ya zama hizo. Utotoni, mapadri waliomsomesha walimwona si mtu wa ilimu. Baba yake akamrudisha nyumbani akamfunza mwenyewe, na kijana akaenda pia kujifunza useremala. Seremala huyo ndiye aliyepata udaktari wa fizikia mjini Vienna mwaka 1860, kisha akawa profesa mjini Prague kwa miaka 28.

Mwaka 1887, yeye na mwenziwe Peter Salcher walitangaza picha za risasi ikiwa angani. Risasi iishindayo sauti ilionekana ikiikata hewa na kuacha mawimbi ubavuni, mfano wa mashua ikatapo maji. Ndege ya mwendo huo ipitapo, wimbi hilo hutufikia kwa kishindo kama cha mzinga.

Sauti nayo haina mwendo mmoja. Huku chini, joto likiwa digrii 15, huenda kilomita 1,225 hivi kwa saa. Juu kwenye baridi kali hupungua. Ndiyo maana rubani hapimi kwa kilomita peke yake.

Mwaka 1898 Mach alishikwa na kiarusi, upande wa kulia ukapooza, lakini hakuacha kuandika. Alifariki tarehe 19 Februari 1916. Jina lake lilitiwa katika kipimo hicho mwaka 1929 na Jakob Ackeret wa Uswisi, na mwaka 1947 Chuck Yeager wa Marekani akaipita Mach moja.

La ajabu ni kuwa bwana huyu alikataa kusadiki habari za atomu, kwa kuwa hakuna aliyeziona. Yeye aliyeyafichua mawimbi yasiyoonekana kwa jicho, akayakanusha mengine yaliyofichika, nayo yapo. Ilimu ya mja ina mpaka. Mjuzi wa ghaibu ni Mwenyezi Mungu.