Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari Mjerumani na mmoja wa waanzilishi wa bakteriolojia. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake kuhusu kifua kikuu.

Maisha

Alisomea tiba katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Akiwa daktari wa wilaya huko Wollstein (leo Wolsztyn nchini Poland), mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza bakteria ya kifua kikuu.

Kuua bakteria

Mwaka 1881 Koch alipima dawa za kuua vijidudu. Alichovya ndani yake nyuzi za hariri zenye spora za kimeta, kisha akaangalia kama spora bado zinaota. Aligundua kwamba asidi ya kaboliki, iliyotegemewa sana na wapasuaji, ilikuwa dhaifu dhidi ya spora. Alitofautisha pia kuua bakteria na kuzuia tu zisikue.

Lakini kuua kijidudu ndani ya chombo ni tofauti na kumponya mtu. Tuberkulini, aliyoitangaza mwaka 1890 kama tiba ya kifua kikuu, haikuponya. Baadaye ilitumika kupima maambukizi.

Afrika Mashariki

Mwaka 1905, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi), alichunguza homa ya papasi. Alikuta bakteria zake hata ndani ya mayai ya papasi, wadudu waliojificha katika vibanda walimolala wapagazi wa misafara.

Miaka 1906–1907 alitibu malale katika Visiwa vya Ssese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Dawa ilipunguza vimelea katika damu, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka.

Urithi

Siku hizi wataalamu huchunguza matumizi ya utegili baridi (plasma) kuua bakteria kwenye vidonda. Hii ni gesi iliyopitishiwa umeme hadi baadhi ya atomu zake kupoteza elektroni, bila kuwa na joto la kuunguza ngozi. Bakteria zilizopitishiwa utegili hukuzwa katika sahani, na zilizobaki hai huhesabiwa. Ukuzaji huo unatokana na mbinu za Koch. Swali la Ssese nalo limebaki: je, kinachoua kijidudu kinamwacha mgonjwa salama?