Mtoto wa Butiama na Bahari ya Hindi: Nyerere alivyotaka bahari isiyo na kambi za vita

Ukiwa Butiama, maji makubwa yaliyo karibu ni ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma. Bahari ya Hindi iko mbali, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Labda ndiyo maana wasikilizaji wetu wa Mara, kila tunapogusa Mwalimu Julius Nyerere na siasa za nje, huanza na vita vya Kagera au ukombozi wa kusini mwa Afrika. Bahari haitajwi kabisa. Katika makala haya tunamfuata Mwalimu kwa njia ya bahari, kwa sababu ni huko alikolazimika kujibu swali gumu: nchi maskini yenye pwani ndefu inajilindaje pale ambapo wakubwa wa dunia wanagombania maji yaliyo mbele ya mlango wake?

Kwanza kwa kifupi. Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Bi Mgaya. Shule alianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge mjini Musoma. Akaenda Tabora, Makerere, kisha Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Akaongoza TANU kuanzia 7 Julai 1954, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Hayo yanajulikana, tusiyarefushe.

Nchi aliyoipokea ilikuwa na pwani inayotoka mpaka wa Kenya hadi mto Ruvuma, lakini haikuwa na jeshi la wanamaji. Kikosi cha majini cha Afrika Mashariki kilichoachwa na Waingereza kilivunjwa mwaka 1962. Ng'ambo ya Ruvuma walikuwapo Wareno. Visiwani na huko Aden walikuwapo Waingereza na meli zao. Kwa maneno mengine, Tanganyika ilikuwa na bendera yake nchi kavu, lakini bahari ilikuwa bado mikononi mwa watu wengine.

Hilo lilionekana wazi Januari 1964. Tarehe 12 yalitokea mapinduzi Zanzibar. Siku nane baadaye, tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mishahara na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Kwa siku kadhaa serikali ilikuwa haina nguvu katika mji wake mkuu. Mwalimu alifichwa, na Oscar Kambona ndiye aliyebaki akizungumza na waasi. Mwishowe Mwalimu akafanya jambo ambalo kiongozi wa nchi iliyopata uhuru miaka miwili tu iliyopita asingependa kulifanya: aliomba Waingereza wasaidie.

Msaada ulitoka baharini. Manowari ya HMS Centaur, meli ya kubebea ndege, ilikuwa imesogea karibu na pwani ikitokea Aden. Alfajiri ya tarehe 25 Januari helikopta zake ziliwashusha makomando karibu na Colito, na baada ya muda mfupi uasi ukawa umekwisha.

Serikali iliokoka, lakini Mwalimu hakuficha aibu yake. Mwezi uliofuata aliita mkutano wa mawaziri wa nchi huru za Afrika hapo Dar es Salaam ili kueleza yaliyotokea, na Nigeria ikatuma kikosi kuchukua nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya likiundwa. Jeshi la zamani lilivunjwa lote. JWTZ likaanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi minne baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana.

Kwa maoni yetu, mengi aliyoyafanya Mwalimu kuhusu Bahari ya Hindi kwa miaka 20 iliyofuata yana mizizi katika asubuhi ile. Manowari iliyokuja kumwokoa kwa kuitwa ingeweza siku nyingine kuja bila kuitwa, na asingekuwa na cha kuizuia.

Muungano nao uliileta vita baridi hadi sebuleni. Zanzibar kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga. Kilitakiwa kuondoka mwaka huo huo 1964. Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi kisiwani, na Ujerumani Magharibi haikutaka kuvumilia hilo. Mapema mwaka 1965 serikali ya Bonn iliondoa wakufunzi wake wa kijeshi ili kumshinikiza Mwalimu. Jibu lake liliwashangaza wengi: kama msaada mmoja unatumika kama kamba ya kumfunga, basi wachukue na misaada mingine yote. Desemba ya mwaka huo akavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ingawa nchi ilikosa mkopo iliokuwa ikiutegemea. Wapo waliomwona jeuri. Lakini ukiangalia nafasi aliyokuwa nayo, kukataa kilikuwa kitu kimojawapo kati ya vichache alivyomiliki bila kukopa.

Wakati hayo yakiendelea, jambo kubwa zaidi lilikuwa likipikwa kimyakimya katikati ya bahari. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, ambayo ilikuwa bado koloni lake, na kuvifanya himaya mpya. Mwaka uliofuata ilikubaliana na Marekani kuhusu matumizi ya kijeshi ya kisiwa kimojawapo, Diego Garcia. Ukichukua ramani utaona kwamba Diego Garcia kipo karibu mstari mmoja na Dar es Salaam, wote kwenye nyuzi kama 7 kusini mwa Ikweta, na kati yao ni maji matupu. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wa Chagos waliondolewa wote na kupelekwa Mauritius na Shelisheli, wakaacha nyumba zao, makanisa yao na makaburi ya wazee wao.

Januari 1968 Uingereza ilitangaza kwamba itaondoa majeshi yake mashariki ya Suez. Nchi za pwani zilipaswa kufurahi. Lakini kiti hakikukaa wazi hata kidogo. Meli za Kisovieti zilianza kuonekana, za Marekani zikafuata, na kila upande ukautaja mwenzake kuwa ndiyo sababu ya kuja.

Hoja hiyo ya Wasovieti ndiyo iliyomgusa Mwalimu mahali pabaya zaidi. Mwaka 1970 serikali mpya ya Edward Heath huko London ilitaka kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu, ikisema njia za meli kupitia Rasi zinahitaji ulinzi dhidi ya Wasovieti. Yaani bahari yetu ikawa kisingizio cha kuwapa silaha watu wanaowakandamiza ndugu zetu. Mwalimu alilipeleka suala hilo kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Singapore Januari 1971, akiwa pamoja na Kenneth Kaunda wa Zambia na Milton Obote wa Uganda. Walipambana kiasi kwamba Jumuiya yenyewe ilikuwa hatarini kuvunjika. Heath hakurudi nyuma kwa maneno, lakini mwishowe kilichouzwa kilikuwa helikopta chache tu. Obote naye alilipia safari ile kwa bei kubwa: tarehe 25 Januari, akiwa bado hajarudi nyumbani, Idi Amin alitwaa nchi.

Mwaka huo huo Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mama Sirimavo Bandaranaike, waziri mkuu wa Ceylon, ambayo baadaye iliitwa Sri Lanka, alikuwa na wazo la kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Tanzania ikasimama naye kama mshirika wa kulileta wazo hilo Umoja wa Mataifa. Balozi wetu huko New York alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa Pemba ambaye hakuwa hata na miaka 30. Tarehe 16 Desemba 1971 Baraza Kuu lilipitisha Azimio namba 2832. Liliwataka wakubwa waache kuongeza nguvu za kijeshi baharini, waondoe kambi na silaha za nyuklia, na manowari zisitumike kuzitisha nchi za pwani na visiwa.

Kura zilikuwa 61 za ndiyo, hapana hakuna hata moja, na 55 hawakufungamana na upande wowote. Soma hesabu hiyo polepole. Hakuna aliyethubutu kupinga amani mbele ya dunia, lakini Marekani, Sovieti, Uingereza na Ufaransa, wenye meli zenyewe, wote walikuwa katika wale 55. China, iliyokuwa imerudishiwa kiti chake miezi miwili tu kabla, iliunga mkono.

Hapa ndipo watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: huyu aliyetaka bahari bila wakubwa si ndiye aliyejengewa kituo cha wanamaji Kigamboni na Wachina? Ni kweli. Jeshi la wanamaji la Tanzania lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, iliyotoa boti za doria na wakufunzi. China hiyo hiyo ilikuwa ikijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia ipate bandari isiyo mikononi mwa Wareno na makaburu. Utetezi wa Mwalimu ulikuwa kwamba boti zile ni za Tanzania, kituo ni cha Tanzania, na manowari za China hazikupewa makazi. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mtu akisema mizani ilielemea Peking, hatutabishana naye sana.

Mwaka 1973 alitangaza kwamba bahari ya Tanzania inafika maili 50 kutoka pwani. Marekani haikuitambua mipaka hiyo. Mwaka 1976 tulikubaliana na Kenya kuhusu mpaka wa baharini, kwa kubadilishana barua na bila kupigana, jambo ambalo leo tunalichukulia kirahisi mno. Na katika mazungumzo marefu ya sheria mpya ya bahari, mmoja wa waliobeba hoja za Tanzania alikuwa Joseph Warioba, mtoto wa Bunda, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu na kisha jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari. Kwa watu wanaosemekana kujua ziwa tu, Mara imechangia baharini kuliko inavyodhaniwa.

Ila lipo suala la visiwa, na hili hatuwezi kulipitia kando. Tarehe 5 Juni 1977, rais wa Shelisheli James Mancham akiwa London, wafuasi wa France-Albert René walitwaa madaraka. Chama cha René kilikuwa na marafiki Dar es Salaam tangu siku za kudai uhuru, na inaelezwa kwamba baadhi ya waliofanya mapinduzi walipata mafunzo Tanzania. Wanajeshi wetu walipelekwa huko baadaye kumlinda. Komoro pia Tanzania ilitoa wakufunzi kwa serikali ya Ali Soilih, hadi mamluki wa Bob Denard walipoiangusha Mei 1978.

Je, huko si kuingilia mambo ya wengine baharini, jambo lile lile alilowakataza wakubwa? Kwa Mancham na watu wake jibu ni ndiyo. Kwa Mwalimu, visiwa vidogo visivyo na ulinzi ndivyo vinavyogeuka kuwa Diego Garcia nyingine. Na woga wake haukuwa wa kufikirika: tarehe 25 Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare walitua Mahé wakitokea upande wa Afrika Kusini, wakijifanya watalii, bunduki zikiwa mikobani. Walishindwa, wakateka ndege ya Air India na kukimbilia Durban. Sisi tunaona hoja zote mbili zina uzito, na kwamba Mwalimu alichagua usalama wa visiwa mbele ya kura ya wananchi wao. Chaguo hilo lilikuwa na gharama, na walioilipa wengi wao hawakuwa Watanzania.

Kufikia hapo ndoto ya eneo la amani ilikuwa imekwama. Desemba 1979 Wasovieti waliingia Afghanistan. Mwaka 1980 Kenya, Somalia na Oman kila moja ilikubali meli na ndege za Marekani zitumie bandari na viwanja vyake. Hatuwalaumu, kila nchi ilipima hofu yake, na Kenya ilikuwa na Somalia mlangoni. Lakini mkutano mkuu uliotarajiwa kufanyika Colombo mwaka 1981, ambao ungegeuza azimio kuwa makubaliano, haukufanyika. Tanzania ilibaki bila kambi ya kijeshi ya nje.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985. Miaka minne baadaye sheria mpya ilizifuta maili 50 na kuweka 12, pamoja na ukanda wa kiuchumi wa maili 200, kama dunia ilivyokubaliana. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akarudishwa kuzikwa Butiama.

Azimio 2832 halikufutwa, na kamati yake bado imo katika orodha za Umoja wa Mataifa, ingawa Marekani, Uingereza na Ufaransa zilijitoa zamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba Chagos vilitengwa na Mauritius kinyume cha sheria. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuvirudisha visiwa hivyo, kwa sharti kwamba kambi ya Diego Garcia ibaki kwa miaka 99.