Victor Hess: Mkatoliki Aliyepima Mionzi Ardhini na Angani

Wengi wetu tukisikia neno mionzi tunafikiria bomu la atomu, au chumba cha eksirei hospitalini chenye alama ya hatari mlangoni. Ni wachache wanaojua kwamba mionzi imo pia katika maharage na ndizi tunazokula, katika maji ya kisima, katika mawe ya msingi wa kanisa, na hata ndani ya miili yetu. Mmoja wa watu waliotufundisha jambo hili alikuwa Mkatoliki mwaminifu, mwanafizikia Victor Franz Hess. Alitumia maisha yake yote kupima mionzi, na kazi hiyo ilimgharimu.

Kuzaliwa na masomo

Hess alizaliwa tarehe 24 Juni 1883, siku ambayo Kanisa huadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, katika kasri la Waldstein karibu na Peggau, nchini Austria. Kasri halikuwa mali ya familia yake; baba yake alikuwa msimamizi wa misitu ya mtukufu aliyelimiliki. Victor alisoma shule na chuo kikuu katika mji wa Graz, na huko akapata shahada ya udaktari wa fizikia.

Alikuwa bado mtoto wa miaka 12 pale Mfaransa Henri Becquerel alipogundua, mwaka 1896, kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe bila kuchochewa na kitu chochote. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie waligundua radiamu. Kisha wanasayansi wakaanza kuona dalili za mionzi kila walipotafuta: katika udongo, katika mwamba, katika chemchemi na hewani.

Leo tunajua sababu. Urani na thori zimo ardhini tangu dunia ilipoanza kuwapo. Atomu zake huvunjika polepole sana, na katika kuvunjika huko hutokea radiamu, na kutoka radiamu hutokea gesi iitwayo radoni. Gesi hii hupenya nyufa za ardhi, huingia hewani na huyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Mimea nayo hufyonza potasiamu kutoka udongoni, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hutoa mionzi. Ndiyo maana ndizi, viazi na maharage vina mionzi kidogo. Katika mwili wa mtu mzima, atomu kama 4,000 za potasiamu huvunjika kila sekunde, usiku na mchana, naye hajui lolote.

Fumbo la chombo kilichofungwa

Mwaka 1910 Hess alianza kazi katika Taasisi ya Radiamu mjini Vienna. Huko alikutana na fumbo lililowasumbua wataalamu wengi. Chombo chao cha kupimia kiliitwa elektrometa. Ni kopo la chuma lililofungwa, lenye nyuzi mbili nyembamba ndani. Nyuzi zikitiwa umeme husukumana na kuachana. Mionzi ikipita katika hewa ya ndani, umeme huvuja na nyuzi hurudiana. Zikirudiana upesi, mionzi ni mingi. Zikichelewa, ni michache.

Fumbo ni hili: hata chombo kilipowekwa mbali na radiamu yoyote, nyuzi ziliendelea kurudiana. Wengi walisema ni mionzi ya ardhi. Padre Theodor Wulf, Mjesuiti aliyefundisha fizikia Valkenburg, Uholanzi, aliamua kulipima jambo hilo. Alitengeneza elektrometa imara ya kubebeka, na mwaka 1910 akapanda nayo mnara wa Eiffel mjini Paris, wenye urefu wa mita 300. Kama mionzi yote ilitoka ardhini, ilipaswa karibu kutoweka kule juu. Ilipungua kweli, lakini si kwa kiasi alichotarajia.

Hess alichukua kazi pale padre huyo alipoishia. Kwanza alipima ni umbali gani mionzi ya radiamu inaweza kusafiri hewani, akaona kwamba kufikia mita 500 juu ya ardhi inapaswa kuwa karibu imekwisha. Kisha akaamua kupanda mwenyewe kwa puto.

Kupanda angani

Katika miaka ya 1911 na 1912 alipanda mara kadhaa. Safari moja aliifanya tarehe 17 Aprili 1912, wakati wa kupatwa kwa jua. Mwezi ulipolifunika jua, mionzi haikupungua. Kwa hiyo alitambua kwamba chanzo chake kikuu si jua.

Tarehe 7 Agosti 1912 asubuhi aliondoka Aussig, katika nchi ya Bohemia, kwa puto lililojazwa haidrojeni, gesi ambayo cheche moja tu ingeweza kuilipua. Alikuwa na wenzake wawili na elektrometa tatu. Walifika urefu wa mita 5,350, mahali penye baridi na hewa haba, naye akaendelea kusoma vipimo vyake. Mchana wakatua salama si mbali na Berlin. Vipimo vilionyesha kwamba mionzi hupungua kidogo mwanzoni, kisha huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Karibu na mita 5,000 ilikuwa zaidi ya ile ya ardhini. Basi mionzi mingine ilitoka juu, nje ya dunia yetu. Baadaye iliitwa mionzi ya kosmiki. Kwa ugunduzi huo Hess alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1936, pamoja na Mmarekani Carl Anderson.

Gharama ya kazi

Kuanzia mwaka 1921 hadi 1923 Hess alifanya kazi Marekani, akiongoza maabara ya kampuni ya radiamu huko New Jersey. Katika kiwanda cha kampuni hiyo, wasichana walipaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani, na walichonga ncha za brashi kwa midomo yao. Radiamu ikaingia katika mifupa yao. Wengi waliugua vibaya na baadhi wakafa, na kesi waliyofungua ikajulikana dunia nzima. Miaka hiyo hiyo maji yaliyotiwa radiamu yaliuzwa katika chupa kama dawa ya kuongeza nguvu, na waliokunywa mengi waliangamia.

Hess mwenyewe hakusalimika. Radiamu aliyoishika miaka mingi iliunguza mkono wake, na mwaka 1934 alikatwa kidole gumba.

Miaka minne baadaye likaja pigo jingine. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, Hess alifukuzwa kazi ya uprofesa mjini Graz. Alikuwa Mkatoliki asiyeficha msimamo wake, na mke wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Walilazimika kukimbilia Uswisi, na mwaka huo huo wakavuka bahari hadi New York. Huko alipokelewa na Chuo Kikuu cha Fordham cha Wajesuiti, akafundisha fizikia.

Kupima tena, juu na chini

Mwanzo huo mpya akiwa na miaka 55 haukumkatisha tamaa. Mwaka 1946, pamoja na mwenzake Paul Luger, alipanda jengo refu la Empire State kutafuta hewani mabaki ya mabomu ya atomu. Mwaka uliofuata alishuka katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, karibu mita 50 ndani ya mwamba, kupima mionzi ya asili ya jiwe la matale. Vilevile alisaidia kubuni njia ya kutambua kiasi kidogo sana cha radiamu ndani ya mwili wa mtu, jambo lenye faida kubwa kwa wafanyakazi waliokuwa hatarini. Alipinga majaribio ya silaha za nyuklia, kwa sababu alijua maana ya kuongeza mionzi mikali katika hewa, maji na chakula cha watu wasio na hatia.

Mwaka 1946 pia aliandika makala kuhusu imani yake. Alieleza kwamba miaka yote ya utafiti haikumwonyesha sababu ya kuacha kumwamini Mungu. Alifariki tarehe 17 Desemba 1964 huko Mount Vernon, karibu na New York.

Tunajifunza nini?

Mionzi ya kwenye maharage na ile iliyoua wasichana wa kiwandani ni ya jamaa moja. Tofauti kubwa iko katika kipimo. Kwa wastani binadamu hupata milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka katika maumbile, na karibu nusu yake hutokana na radoni tunayoivuta. Hakuna sababu ya kuogopa ndizi au maji kwa kuwa tu vina mionzi. Lakini pia si haki kumwambia mfanyakazi wa mgodini au wa kiwandani asiogope, kabla hatujapima anachokivuta na anachokigusa.

Mseminari atakapokuwa paroko ataulizwa na waamini kuhusu uvumi wa sumu katika visima, kuhusu dawa za miujiza, na kuhusu miradi ya madini jirani na mashamba yao. Hess anamfundisha asijibu haraka kwa hofu wala kwa dharau. Aulize kwanza: ni kiasi gani, na nani amepima? Kusema ukweli juu ya jambo kama hili ni sehemu ya kuwapenda watu tuliokabidhiwa.